Trela ya filamu ya kutisha ya wanafunzi: kuitengeneza, kuitangaza na kuipima

Trela nyingi za kutisha za wanafunzi huharibikia mahali pamoja: zinasimulia hadithi yote. Mtu anaingia nyumba tupu, anasikia kelele, anamwona jini, anakimbia, anakamatwa. Mtazamaji akimaliza sekunde tisini hizo hana tena sababu ya kuja kuangalia filamu, maana ameshaiona. Trela inatakiwa imwachie swali moja tu, lile la kumkera mpaka alitafutie jibu. Bango, vipande vya status na hata tathmini mtakayoandika mwishoni vyote vinalibeba swali hilohilo.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, filamu ya kubuni tuiite *Jozi ya 41*. Bweni la wasichana lina wanafunzi 40. Usiku matroni anapita na tochi akihesabu ndala zilizopangwa mlangoni. Anafika arobaini, tochi inasogea, na kuna jozi nyingine. Imelowa. Anaingia ndani kuhesabu vitandani: wasichana wako arobaini. Swali ni "ndala za nani?" Hapo hamhitaji damu, wala zimwi la kompyuta, wala muigizaji aliyepakwa unga usoni.

Swali, kabla ya kamera

Andikeni swali lenu kwa maneno yasiyozidi matano. Mkishindwa, mna mandhari tu, hamjapata wazo. "Msitu wa kutisha" si swali. "Nani anapiga kengele ya shule?" ni swali. Kisha msomeeni mtu asiye wa kikundi chenu, mkae kimya. Akiuliza "ehee, halafu?" mna trela. Akisema "sawa", rudini mezani.

Eneo letu lina hazina ya hofu ambayo bado haijatumika vizuri: chunusi wa kwenye maji, mumiani wanyonya damu, wakimbiaji wa usiku wa magharibi mwa Kenya, mbuyu usiopitwa jua likizama. Ila msichukue jina la kiumbe pekee, chukueni namna watu walivyoishi na hofu yenyewe. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa, zimwi lililosemekana kuvamia watu majumbani usiku, ilipozagaa Pemba na Unguja, watu walitoka ndani wakalala nje kwa makundi, wamejipanga karibu na moto au taa. Picha hiyo ya uwanja uliojaa watu waliolala ubavu kwa ubavu, wakiwa wameziacha nyumba zao wazi, inatisha kuliko popo yeyote wa kuchorwa. Mtazamaji anajiuliza mwenyewe: huko ndani kuna nini?

Yako mambo ambayo hayafai kuguswa, na hapa hatuna utani. Msimfanye mtu mwenye ualbino kuwa mzimu au dawa. Watu wameuawa na kukatwa viungo kwa imani hizo. Msimweke bibi kizee mwenye macho mekundu kama mchawi. Huko Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yaliyowekundishwa na moshi wa jikoni miaka na miaka. Na kwa kuwa mfano wetu ni wa bweni: msitumie moto. Shauritanga (Tanzania) mwaka 1994 na Kyanguli (Kenya) mwaka 2001 wanafunzi walifia mabwenini kwa moto, na wazazi wao bado wako. Mshumaa hata wa kuigiza usiwashwe karibu na vyandarua na magodoro.

Sekunde 75, zimegawanywa

Sekunde 60 hadi 90 zinatosha. Zikizidi hapo mtaanza kujaza. Mpango wa *Jozi ya 41* unakaa hivi:

Sekunde 0–4: kiza kitupu. Hatua mbili za ndala zilizolowa kwenye sakafu ya saruji.
Sekunde 4–20: jioni ya kawaida. Wasichana wanasukana, mmoja anafunga tranka, wengine wanacheka. Shoti sita.
Sekunde 20–36: matroni anahesabu. Shoti tatu au nne, na mojawapo iende sekunde tisa bila kukatwa.
Sekunde 36–37: kimya.
Sekunde 37–60: mambo yanakazana. Shoti kama 20, kila moja fupi kuliko iliyotangulia.
Sekunde 60–61: kiza na kimya kabisa.
Sekunde 61–63: kisigino kilicholowa kinaingia kwenye ndala. Basi.
Sekunde 63–69: jina la filamu.
Sekunde 69–75: tarehe na mahali pa kuonyeshwa. Sekunde ya 73 ndala inasikika tena mara moja, karibu na sikio.

Ile jioni ya kawaida ndiyo wanafunzi wengi huikata wakidhani inachosha. Msiikate. Mtu haogopi kuharibika kwa kitu ambacho hajakiona kikiwa kizima. Kicheko cha sekunde ya 12 ndicho kinachoipa nguvu sekunde ya 61.

Chorani kila shoti kwenye kisanduku, hata kwa vijiti, na pembeni andikeni sauti itakayosikika. Kisanduku kisicho na sauti hakijakamilika. Orodha yenu iwe na shoti 45 hivi ili mpate 32 za kutumia.

Kupiga picha bila kupambana na giza

Kosa kubwa ni kurekodi usiku gizani kwa simu. Kamera ya simu ikikosa mwanga hupandisha ISO (wepesi wake wa kuhisi mwanga), picha inajaa chenga, na zile chenga zikishapitia WhatsApp zinageuka vigae vinavyocheza. Giza la kwenye filamu hutengenezwa kwa mwanga mwingi uliozuiwa. Rekodini mchana ndani ya bweni, madirisha yamezibwa kwa nailoni nyeusi au mablanketi mazito, kisha ingizeni mwanga mnaoutaka nyinyi. Faida nyingine ni kwamba hakuna anayepiga mayowe saa nane za usiku, na wazazi wanalala kwa amani.

Mipangilio ya kamera:

Fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 30 kwa shata 1/60, mistari ya giza itatambaa juu ya picha, na kuiondoa baadaye ni tabu. Programu kama Blackmagic Camera na Open Camera ni za bure na zinakuruhusu kufunga vipimo hivi.

ISO isizidi 800, ikiwezekana 400. Tumieni lenzi kuu ya simu pekee. Zile nyingine kwa kawaida zina kihisi kidogo na huchafuka haraka kwenye giza.

Fungeni fokasi na mwangaza kabla ya kila shoti. Simu ikiachwa ijiamulie, tochi ya matroni ikielekea kamera picha nzima itazama gizani halafu irudi taratibu, na hapo hofu imekwisha.

Kwa mwanga wa mbalamwezi, wekeni balbu nyeupe ya LED (6500K) nje ya dirisha, juu, ipite kwenye shuka jeupe. Kipimo cha rangi ya mwanga (white balance) kwenye kamera kiwekeni 4300K hivi. Nyeupe itageuka bluu nyepesi. Tochi mkononi mwa muigizaji iwe ya rangi ya joto. Rangi mbili hizo zinatosha.

Ngozi nyeusi inahitaji mwanga mpana wa pembeni, haihitaji mwanga mkali wa mbele. Shuka jeupe lililotandazwa upande mmoja huchora mstari wa shavu, paji na pua, na mafuta kidogo ya kupaka usoni yanaushika mwanga huo. Ukiongeza mwangaza wa kamera badala ya kuweka shuka, ukuta wa nyuma unang'aa na uso unabaki bila umbo. Na matroni akishika tochi kuelekea chini, bandikeni karatasi nyeupe juu ya daftari lake la mahudhurio: mwanga utagonga karatasi na kumrudia usoni kutoka chini, kama mtu anayejisomea habari mbaya.

Mnataka wasichana 40 na mko tisa? Kamera ikae kwenye stendi, isiguswe kabisa. Rekodini wasichana tisa kwenye vitanda vya kushoto, wahamie katikati, kisha kulia, halafu unganisheni vipande hivyo vitatu wakati wa kuhariri. Vitanda vya mbali jazeni mito chini ya mashuka. Balbu isisogezwe hata kidogo kati ya kipande na kipande, la sivyo mshono utaonekana. Ndala jozi 41 mtaziazima. Wekeni alama chini ya kila moja ili zirudi kwa wenyewe.

Shoti za nje zipangeni kwa jioni. Huku karibu na ikweta kiza huingia upesi: jua likizama kama saa kumi na mbili na nusu, mna dakika 20 hivi za bluu nzuri. Fanyeni mazoezi saa kumi na moja, kamera iwe tayari saa kumi na mbili na robo, na msipange zaidi ya shoti tatu kwa jioni moja.

Sauti ndiyo inayotisha

Zimeni sauti ya trela yoyote ya kutisha muitazame. Hofu imeondoka. Kwa hiyo mkiwa na siku mbili za kurekodi picha, tengeni siku ya tatu nzima kwa sauti.

Anzeni na ile ndala. Mwageni maji kidogo kwenye sakafu ya saruji, mtu atembee, simu iwe sentimita 20 kutoka mguuni, upande wa kisigino. Kuna sauti mbili kila hatua: ndala inagonga sakafu, kisha inabanduka na kugonga kisigino. Ya pili ndiyo inayosisimua, kwa sababu inathibitisha kwamba kuna mguu ndani yake. Rekodini hatua 30 za haraka, za polepole, na zinazosimama ghafla. Feni izimwe, friji ichomolewe.

Rekodini pia sekunde 30 za ukimya wa bweni lenyewe, watu wote wakiwa wamenyamaza. Ukimya wa chumba una sauti yake. Bila kuuweka chini ya mazungumzo, kila mkato utasikika kama shimo.

Tranka la bati likiburutwa polepole, kisha likapunguzwa kasi nusu kwenye programu ya sauti ya Audacity, hushuka oktavu nzima na kuwa mngurumo usiojulikana unatoka wapi. Kengele ya rimu ya gari, ile iliyoning'inizwa kwenye mti shuleni, ikigeuzwa irudi nyuma huwa mlio unaokua na kukatika kwa kisu. Hizi ni sauti ambazo mtazamaji wenu anazijua mwilini. Msiende kupakua kilio cha mbwa mwitu wa Ulaya.

Lipo tatizo linalowaumiza wengi bila wao kujua. Muhariri anasikiliza kwa hedifoni, anaweka mngurumo mzito wa hezi 50, unamtetemesha. Mtazamaji anaangalia kwa spika ya simu, ambayo karibu haitoi kitu chini ya hezi 200. Kwake yeye sekunde 20 hizo ni kimya tupu. Dawa yake: chini ya kila mngurumo wekeni tabaka la pili lenye mkwaruzo kati ya hezi 400 na 1,000, kisha sikilizeni kwa simu ya bei rahisi kuliko zote mlizonazo.

Viwango: maneno yafike karibu -12 dB, utulivu ukae chini kabisa, na mshtuko wa mwisho usivuke -1 dB. YouTube hushusha video zenye wastani wa sauti unaozidi -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia). Mkipandisha kila kitu, yote yatashushwa pamoja, na mshtuko wenu utakuwa sawa na mazungumzo. Mshtuko hupatikana kwa kushusha kilichoutangulia. Ile sekunde moja ya kimya kabla yake ndiyo inayomfanya mtu aruke.

Muziki wa kunakili hautafaa: mfumo wa YouTube utautambua, na video inaweza kuzuiwa siku ya uzinduzi. Chukueni kutoka maktaba ya sauti ya YouTube au rekodini wenyewe. Sauti za bure zenye leseni ya Creative Commons zisomeni masharti. Nyingine zinataka jina la mwenyewe liandikwe, nyingine zinakataza biashara, na kiingilio cha shilingi mia tano kinaweza kuhesabiwa biashara.

Kuhariri

DaVinci Resolve toleo la bure linatosha kabisa. Kompyuta ikiwa dhaifu, CapCut itafanya kazi. Kabla ya kuingiza chochote, pitisheni klipu za simu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na mchague fremu 25 zisizobadilika. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka kidogo, na mkiunganisha na sauti iliyorekodiwa pembeni, midomo huanza sawa kisha ikaachana na maneno. Wengi hulaumu maiki. Kosa ni la kasi ya fremu.

Kwenye sehemu ya kukazana, anzeni na shoti ya fremu 50, yaani sekunde mbili, mshuke 40, 30, 25, 20, 15 hadi 10. Chini ya fremu sita jicho halishiki picha, linaona mwako tu. Na kila shoti fupi iwe na kitu kimoja: mkono, jicho, kitasa, jina kwenye daftari. Shoti pana yenye watu wanane haisomeki kwa fremu 12.

Msikate pale matroni anapohesabu. Mwacheni aseme "thelathini na nane… thelathini na tisa… arobaini…" na tochi isogee yenyewe kwenye ile jozi nyingine kabla mdomo wake haujafunguka. Mtazamaji atahesabu naye, na atafika kabla yake.

Rangi: shusheni wekundu, pelekeni vivuli kwenye bluu, lakini acheni nyeusi iwe juu kidogo ya sifuri. Ongezeni chenga laini kidogo mwishoni; weusi mtupu hupasuka vipande ukibanwa, chenga laini huuficha mpasuko. Toeni faili ya H.264, 1920×1080, megabiti 12 hadi 16 kwa sekunde. Mkiituma WhatsApp, itumeni kama hati, isiende kama video ya kawaida, vinginevyo itabanwa.

Bango na matangazo mengine

Bango la *Jozi ya 41* ni picha moja kutoka juu: safu za ndala, zote zimeelekea ndani, jozi moja imeelekea nje na imeacha maji chini yake. Hakuna uso. Maneno ni jina, tarehe, mahali, na mstari mmoja: "Wamelala arobaini. Usihesabu tena." Mtu aliyeona trela atalitambua bango kwa mbali, na aliyeona bango kwanza atashtuka ndala zitakapotokea kwenye trela. Hivyo ndivyo vitu viwili vinavyosaidiana. Bango lenye fuvu na herufi zinazochuruzika damu linatangaza filamu elfu moja kwa pamoja.

Ukubwa wa A3 kwa nukta 300 kwa inchi, ukiongeza milimita 3 za kukatwa kila upande, ni pikseli 3579 × 5031. Pigeni picha ya bango peke yake, kwa stendi na mwanga wake. Fremu iliyokatwa kwenye video ya 1080 haitoshi hata robo ya hapo. Karatasi haina mwanga wake kama skrini, kwa hiyo bango la giza likichapwa huzama: ongezeni mwangaza asilimia 10 hadi 15, na chapisheni A4 moja ya majaribio kabla ya kulipia zote. Kisha libandikeni ukutani, simameni mita tatu. Jina na tarehe visomeke. Kwenye simu lipunguzeni hadi upana wa sentimita mbili. Jozi ile moja bado ionekane tofauti na nyingine.

Toleo la status ni 1080 × 1920, na maneno yakae mbali na pikseli 250 za juu na za chini, maana huko kuna jina la mtumaji na sehemu ya kujibu. Tahajia ikaguliwe na watu wawili tofauti. Bango lenye "atujui" badala ya "hatujui" litasambaa kweli, ila kwa sababu nyingine.

Mkitakiwa kutengeneza kava ya jarida, ambayo walimu wengi huiagiza pamoja na bango, hapo wekeni uso: matroni, macho kwenye kamera, ndala moja mkononi.

Matangazo yaanze siku 14 kabla. Bango kwanza. Siku kumi kabla, sauti ya ndala sekunde sita kwenye kiza, bila maneno. Siku saba kabla, trela. Siku mbili kabla, kipande cha sekunde 15 chenye tarehe tu. Jozi moja ya ndala zilizolowa mlangoni mwa kantini, mchana, pamoja na kadi ndogo ya tarehe, itafanya kazi kuliko mabango kumi.

Ila isiwe mlangoni mwa bweni, na isiwe usiku. Hofu huambukiza. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, kicheko kilichoanza kwa wasichana watatu wa shule ya bweni kiliwakumba wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Kwa sababu hiyohiyo msisambaze trela kama "video ya kweli iliyonaswa shuleni fulani". Nchini Kenya, sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 iliweka adhabu kwa taarifa za uongo zinazozua taharuki, na Tanzania nayo ina kanuni za maudhui ya mtandaoni. Jina la filamu na neno "filamu" viwepo kwenye kila kipande.

Ruhusa zianze mapema, wiki tatu kabla. Tanzania ni Bodi ya Filamu. Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu hukagua filamu pamoja na mabango yake. Pateni barua ya chuo au shule, mpite kwa mwenyekiti wa mtaa au chifu, na mwarifu kituo cha polisi cha karibu ikiwa kuna mayowe. Muigizaji aliye chini ya miaka 18 awe na saini ya mzazi. Makaburi yaacheni.

Kuipima

Msiulize "mmeionaje?" Kwetu mtu atasema "hongereni, kazi nzuri" hata kama alikuwa anajibu meseji. Mwekeni mtazamaji mmoja mmoja, apewe simu na mtu asiye rafiki yake, na nyinyi mtazame uso wake. Andikeni sekunde anapoacha kupepesa, anapocheka, anapoangalia pembeni. Baada ya hapo maswali matatu tu: Filamu hii inahusu nini? Kuna nini hujakielewa na unataka kukijua? Itaonyeshwa lini na wapi?

Swali la pili ndilo kipimo. Wakitazama kumi, na saba au zaidi wakauliza wenyewe "ndala za nani?", trela inafanya kazi. Wakiwa chini ya watano, swali limefichika. Rudini sekunde ya 20 hadi 36. Wakiweza kusimulia filamu yote, mmeshatoboa siri. Wasipokumbuka tarehe, imekaa muda mfupi mno kwenye skrini.

Anayecheka mahali pa kuogopa msimfute kwenye daftari. Stuart Hall, mwananadharia wa utamaduni na mawasiliano, alieleza mwaka 1973 kwamba mpokeaji anaweza kukubali maana uliyomtumia, akajadiliana nayo, au akaipinga. Kicheko cha aibu baada ya mshtuko ni kukubali. Kicheko kabla ya mshtuko ni kupinga, na mara nyingi kimesababishwa na uigizaji uliozidi au sauti iliyochelewa fremu chache.

YouTube itawapa mchoro wa watazamaji wanaobaki. Idadi ya waliofungua haiwaambii kitu kuhusu trela, inawaambia kuhusu kijipicha na makundi yenu ya WhatsApp. Angalieni mteremko: ukiporomoka kati ya sekunde 4 na 20, sehemu ya utulivu ina shoti moja isiyo na kazi. Itafuteni muitoe hiyo, msitoe utulivu wote.

Kwa tathmini ya maandishi, maswali manne yaliyotumiwa na bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza kwa wanafunzi wa habari yanafaa popote: mmefuata, mmeendeleza au mmepinga vipi kanuni za kazi halisi za aina hiyo, trela, bango na kava vinasaidianaje, watazamaji wamewafunza nini, na mlitumiaje vifaa katika kila hatua. Jibuni kwa sekunde na fremu. Aya dhaifu husema: "Tulitumia mwanga mdogo ili kuleta hofu na watazamaji waliipenda." Hapo mwalimu hana cha kusahihisha. Aya yenye uzito husema: "Shoti ya sekunde ya 27 hadi 36 haikukatwa ili mtazamaji ahesabu pamoja na matroni. Wanane kati ya kumi waliuliza ndala ni za nani. Wawili walidhani ni za mlinzi, kwa kuwa kivuli cha mwanamume kilipita ukutani mwanzoni mwa shoti. Tulikata fremu 18 za mwanzo, kivuli kikatoka."

Rekebisheni kitu kimoja kwa kila toleo, na kila toleo lipewe namba na kuhifadhiwa sehemu mbili. Mkibadilisha sauti, rangi na mpangilio kwa mara moja, hamtajua kilichosaidia. Na kumbukeni kwamba aliyeiona trela hawezi tena kuwa mgeni kwayo, kwa hiyo gawanyeni watazamaji kabla hamjaanza: kumi wa toleo la kwanza, watano wa toleo la pili, na watano wa mwisho wasionyeshwe kitu, hata bango, mpaka toleo la kupeleka kwa mwalimu liwe tayari.